Mwanga Utoke Juu: Ushauri kwa Wanaolea Vifaranga wa Samaki Arusha na Meru

Asubuhi moja ya Julai, Mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu hadi kwenye migomba, mama mmoja wa Sing'isi alinipigia simu. "Shikamoo mwalimu. Vifaranga wangu wamelewa, njoo uwaone kabla hawajaisha." Nikaitikia marahaba, nikapanda bodaboda. Nilikuta mamia ya vifaranga wa perege, wa wiki tatu hivi, ndani ya tangi la kioo lililowekwa kando ya dirisha linalotazama mashariki. Ni kweli walikuwa wameinama. Kila mmoja alikuwa amelala ubavu kidogo, na wote kwa upande uleule, migongo ikielekea dirishani. Mama alikuwa ameshatia chumvi mara mbili. Jirani naye alikuwa amemshauri anunue dawa ya kuku aimwage majini.

Nilimwomba gunia. Tukalitundika dirishani, tukaning'iniza taa ya sola juu ya tangi, katikati kabisa. Chai aliyonimiminia haijapoa, vifaranga walikuwa wamekaa sawa, mgongo juu na tumbo chini. Samaki walikuwa wazima tangu mwanzo. Dirisha ndilo lililokuwa linawavuta.

Nimeona afadhali niliandike jambo hili kwa kirefu, maana miaka hii kuanzia Tengeru hadi Usa River, kushuka Kikwe na Mbuguni, watu wameanza kujiangulishia vifaranga wenyewe badala ya kungoja mifuko kutoka Morogoro au Mwanza. Kazi hiyo hufanyika ndani ya nyumba, kwenye ndoo, simtanki zilizokatwa na matangi ya kioo. Na ndani ya nyumba, anayeamua mwanga utoke wapi ni wewe mfugaji, si jua. Nimewaona wanaodhani mwanga hauna maana yoyote kwa samaki, wakaweka tangi popote penye nafasi. Nimewaona pia waliosikia kwamba mwanga ni uhai, wakaacha taa inawaka usiku na mchana mwezi mzima. Wote hao huishia kuniuliza kwa nini samaki wao hawakai sawa.

Jibu langu ni hili. Samaki hahitaji mwanga ili ajijengee uwezo wa kukaa sawa majini. Uwezo huo hujijenga hata gizani. Lakini mwanga humwambia juu ni wapi, na ukimdanganya atakuamini.

Tuanze na hilo la gizani, kwa sababu ndilo watu hushindwa kulikubali. Perege na sato ni samaki wanaolea mdomoni. Jike hutaga, hukusanya mayai yake mdomoni, na huko ndiko yanakoanguliwa. Vifaranga hubaki mle hadi kifuko cha kiini kiishe au kikaribie kuisha, kama siku kumi hivi kwa jumla maji yakiwa na joto la kutosha, na zaidi maji yakiwa ya baridi kama haya yetu. Siku zote hizo kifaranga yumo ndani ya kinywa cha mama yake, mahali penye mwanga hafifu sana. Na ndizo siku ambazo kichwa chake kinatengeneza vijiwe vya sikio.

Vijiwe hivi ni vipande vidogo vya madini ya chokaa, jozi tatu kwa kila samaki, vilivyomo ndani ya sikio ambalo wewe huwezi kuliona kwa nje. Jozi moja ndiyo yenye kazi kubwa ya kupima juu na chini. Kila kijiwe kimekaa juu ya seli zenye vinyweleo. Samaki akiinama, kijiwe huteleza kidogo kwa uzito wake, vinyweleo hupinda, na mshipa wa fahamu hupeleka habari kwenye ubongo. Kabla ya chochote kinachoweza kuitwa kufikiri, macho huzunguka kuelekea upande wa pili ili yaendelee kutazama palepale, na mapezi huusukuma mwili urudi. Wewe unao mwitikio wa jamaa hiyo hiyo. Mtoto anayepandisha njia ya Nkoaranga na ndoo ya maji kichwani haamui kila hatua shingo ikae vipi. Mwili wake unaamua kabla yake.

Je, macho ya kifaranga yanahitaji kuona ili yajifunze kuzunguka namna hiyo? Kwa miaka mingi wanasayansi wengi walidhani hivyo. Walisema mnyama huona picha inateleza machoni, ubongo unasahihisha, na mwitikio unakuwa bora siku hadi siku. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, kwenye maabara ya David Schoppik, lilichapisha kwenye jarida la Science matokeo yaliyowashangaza wengi. Walimtumia danio, samaki mdogo wa Asia Kusini mwenye mistari kama pundamilia. Vifaranga waliozaliwa vipofu, ambao hawajawahi kuona chochote, walijenga mwitikio wa macho kwa ubora uleule na karibu kwa kasi ileile ya wenzao wanaoona. Kilichokuwa kikichelewesha ukomavu wake kilikuwa mahali mshipa wa fahamu unapoungana na msuli wa jicho. Pale palihitaji muda wa kukua, basi.

Ukitaka mfano wa karibu na kwetu, upo Somalia. Kule chini ya ardhi anaishi Phreatichthys andruzzii, samaki wa mapangoni asiye na macho kabisa, wala magamba, wala rangi. Vizazi vyake havijaona jua kwa muda mrefu mno kuuhesabu, na bado huogelea mgongo juu. Hana dirisha la kumdanganya, ana kijiwe tu.

Kwa hiyo mfugaji asikubali kuambiwa kwamba bila taa kali siku za kwanza vifaranga "hawatapata mizani". Mayai yako yaliyomo kwenye chupa za kuangulia hayahitaji kumulikwa. Yafunike kwa kitambaa, uwe unafunua kuangalia mayai yaliyokufa na kuyatoa. Hivyo ndivyo mama yao angefanya kwa kinywa chake, na sijaona sababu ya kumkosoa.

Sasa tuje kwenye mwanga wenyewe.

Katika miaka ya 1930 Mjerumani Erich von Holst alifanya jaribio ambalo kila mwenye tangi la kioo angepaswa kulijua. Aliwamulika samaki kutoka ubavuni. Samaki wakainama, migongo ikielekea kwenye taa, kama wale wa Sing'isi. Hawakuinama hadi mwisho. Walitulia katikati, kana kwamba wamegawa tofauti baina ya macho yanayosema "juu ni kule kwenye taa" na sikio linalosema "juu ni huku". Kisha akawachukua samaki walioondolewa vile viungo vya sikio vya kupimia uzito, akawamulika tena. Hao walifuata taa moja kwa moja. Taa ikiwa ubavuni, mgongo uliuelekea ubavu. Taa ikiwa chini ya tangi, samaki waligeuka matumbo juu. Miongoni mwa samaki aliowatumia baadaye katika kazi hii alikuwamo samaki malaika wa Amerika Kusini, ambaye ni wa ukoo mmoja na perege wetu.

Fikiria maana yake. Porini, kwa mamilioni ya miaka, mwanga umetoka juu. Samaki hakuwahi kuwa na sababu ya kuutilia shaka, kwa hiyo mwili wake unauchukua kama shahidi wa pili anayeaminika. Na kuna jambo zuri la kuongeza hapa. Mwanga unapoingia majini kutoka hewani hupinda na kuelekea chini. Hata jua la saa moja asubuhi, lililo chini kabisa upande wa mashariki, likipenya kwenye uso wa bwawa huwafikia samaki ndani ya pembe isiyozidi nyuzi 49 hivi kutoka wima. Ndiyo maana hutawaona samaki wa bwawani wameinamia mashariki kila asubuhi. Uso wa maji unawanyoshea mwanga. Tangi la kioo huondoa ulinzi huo. Kuta zake ni dirisha, na mwanga wa pembeni huingia ukiwa wa pembeni hasa.

Kutoka hapo ushauri wangu wa kwanza unajitokeza wenyewe: kama unaweza, usitumie kioo. Simtanki iliyokatwa katikati, beseni kubwa, au tangi la saruji ni bora kwa kulelea, kwa sababu kuta zake hazipitishi mwanga. Kama kioo ndicho ulicho nacho, funika pande tatu kwa gunia, karatasi nyeusi au hata gazeti lililogandishwa kwa nje, na ule wa nne uwe na pazia unalofunua unapotaka kutazama. Usiweke tangi juu ya meza ya kioo au vigae vyeupe vinavyong'aa halafu ukamulika kwa taa kali, kwa maana mwanga utarudi kutoka chini na kugongana na ule wa juu.

Taa iwe juu, katikati, na isambaze mwanga. Balbu moja kali kwenye kona itawakusanya samaki na kuwainamisha. Taa mbili hafifu zilizopangwa kwa urefu wa tangi ni bora kuliko moja yenye nguvu. Kama unategemea jua, weka bati moja la plastiki linalopitisha mwanga juu ya eneo la matangi, na upande wake wa ndani upake chokaa nyepesi ili jua lisitue moja kwa moja.

Na madirisha? Hapa mkazi wa Arusha anahitaji kujua jua lake. Tuko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili tu kwa mwaka, karibu katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mwezi Juni na Julai jua la mchana hukaa upande wa kaskazini, yaani upande wa mlima kwa aliye mjini, na mwezi Desemba hukaa kusini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini lisilokusumbua Krismasi linaweza kukuletea jua la ubavuni wakati wa baridi, na la kusini linafanya kinyume chake. Madirisha ya mashariki na magharibi yanasumbua mwaka mzima. Ukijenga chumba kipya cha vifaranga, madirisha yaweke juu karibu na paa, madogo, kwa ajili ya hewa.

Inaulizwa mara nyingi kama kuinama huko kunadhuru. Kwa saa moja, hapana. Kwa kifaranga anayekaa hivyo mchana kutwa, kila siku, nina wasiwasi, na sababu yangu ni ya jikoni kabisa: samaki aliyeinama hutumia nguvu kujizuia asipinduke, huogelea kwa shida, na hukosa chakula kinachopita mbele yake. Mwenye tangi la namna hiyo huwa na vifaranga wa saizi tano tofauti kwenye kundi moja, na kwa perege saizi tofauti maana yake wakubwa kuwala wadogo.

Kuna upande mwingine wa mwanga ambao hauhusu unatoka wapi, unahusu unatoka lini. Mwaka 1971 Giorgio Pannella alionyesha kwamba vijiwe vya sikio vya samaki vina pete za kila siku, kama miti ilivyo na pete za mwaka. Miaka kumi baadaye, 1981, Wajapani Tanaka, Mugiya na Yamada walifanya kazi na sato wachanga, wakaona kwamba pete hizo hufuata zamu ya mwanga na giza. Kijiwe kile kile kinachompimia samaki juu na chini hukua kwa mpigo wa usiku na mchana. Mimi nilipoelewa hivyo niliacha kabisa kuwaachia taa usiku kucha. Sisemi kwamba taa ya usiku huharibu kijiwe. Nasema mwili wa samaki umepangwa kwa zamu, na sijaona sababu ya kuunyima zamu hiyo.

Najua hoja itakayoletwa, nayo ni ya haki. Abdel-Fattah El-Sayed na Kawanna wa Aleksandria, Misri, walionyesha mwaka 2004 kwamba vifaranga wachanga wa sato waliopewa mwanga saa 18 au 24 kwa siku walikua vizuri kuliko waliopewa 12 au 6. Ni kweli, na mwenye umeme wa uhakika anaweza kujaribu saa 18. Lakini zingatia mambo mawili. Faida waliyoiona ilikuwa kwa vifaranga wachanga. Kwa wale waliokwisha kukua kidogo haikuwa na uzito huo. Na saa za ziada za mwanga zina faida kama zinaendana na saa za ziada za chakula na hewa majini. Taa peke yake haishibishi. Kwa mfugaji wa Akheri au Poli anayetumia sola na kulisha mara nne kwa siku, saa 12 za mwanga wa kawaida zinatosha. Akitaka kuongeza, aongeze jioni hadi saa nne usiku, kisha giza kamili mpaka alfajiri. Muhimu ni saa zisibadilike. Leo taa mpaka saa mbili, kesho mpaka saa sita kwa sababu kuna mpira kwenye televisheni, hapo unawavuruga.

Na usiwashe ghafla. Samaki hana kope za kufumba, na mboni ya jicho la samaki wengi wa aina hii haikazi kama yetu mwanga unapozidi. Jicho lake hujikinga kwa kusogeza rangi nyeusi ndani ya retina, kazi inayochukua nusu saa au zaidi. Porini alfajiri humpa muda huo. Chumbani, kidole chako kwenye swichi hakimpi. Matokeo huyajui mpaka uyaone: vifaranga hulipuka kama cheche, hugonga kuta, wengine huruka nje, na wengi huzunguka kwa muda kama waliopoteza mwelekeo. Mwanga wa ghafla unapofusha shahidi mmoja wakati mwili unahitaji kukimbia, na sikio peke yake linalazimika kufanya yote. Asubuhi fungua mlango kwanza, kisha pazia, kisha baada ya nusu saa washa taa ukitaka. Jioni fanya kinyume. Ukilazimika kuingia usiku, tumia tochi hafifu iliyofunikwa kitambaa, uielekeze ukutani.

Somo hilohilo ndilo la mifuko ya safari. Vifaranga wanaotoka mbali, kwa mfano kituo cha serikali cha Kingolwira kule Morogoro, husafiri usiku kucha ndani ya boksi. Wakifika stendi saa nne asubuhi, macho yao yako kwenye giza. Nimeona watu wakifungua mifuko hiyo juani, mbele ya wanunuzi, ili waonyeshe kwamba samaki wako hai. Tafadhali usikubali. Peleka boksi kivulini, fungua kifuniko polepole, acha mfuko uelee juu ya maji ya bwawa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, ongeza maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha waachie watoke wenyewe. Jioni ya saa kumi na moja ni wakati mzuri kuliko mchana. Vifaranga wengi wanaosemekana "walikuja wagonjwa" waliumizwa na dakika kumi za mwisho za safari.

Yote niliyosema ni ya perege na sato. Kambare ni mtu mwingine. Vifaranga wa kambare hukua vizuri zaidi gizani, na utafiti wa Britz na Pienaar wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 1992, ulionyesha kwamba giza hupunguza ugomvi na msongo baina yao. Kambare hutafuta chakula kwa sharubu na kwa ladha ya maji. Mwanga mkali kwake ni usumbufu na sababu ya kung'atana. Anayelea aina zote mbili kwenye chumba kimoja chini ya taa moja anawatesa wa upande mmoja. Kambare wafunikie matangi kwa karatasi nyeusi ya nailoni, uache nafasi ya hewa, kwa sababu huja juu kuvuta pumzi.

Kipindi cha baridi kinastahili neno lake. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Arusha hushuka hadi nyuzi 12 au 14, na huku miteremko ya juu ni baridi zaidi. Sato hukua vizuri maji yakiwa nyuzi 27 na kupanda. Chini ya 20 anadorora, chini ya 16 au 17 anaacha kula, na karibu na 11 au 12 hufa. Samaki wa baridi hulegea, hutulia chini, wengine hulala ubavu. Watu huona hivyo wakaongeza mwanga. Hapana, wanachohitaji ni joto. Na wengi huleta ile balbu ya joto ya vifaranga wa kuku, wakaisimamisha kando ya tangi. Balbu hiyo inafanya makosa mawili kwa mpigo: joto lake halifiki majini kwa kiwango chenye maana, na mwanga wake unatoka ubavuni. Isitoshe umeme karibu na maji ni hatari kwa watoto na kwako. Jenga kitalu nyumba cha nailoni juu ya bwawa, au zungushia chumba maboksi ya kuzuia baridi, au tumia hita ya majini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nunua kipimajoto. Ni cha bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa chumvi na dawa unazotaka kumwaga kwa kubahatisha.

Utajuaje basi kama kifaranga aliyeinama anafuata mwanga tu, au kweli sikio lake, kibofu chake cha hewa au afya yake imeharibika? Kuna kipimo rahisi, nami hukifanya kila mahali ninapoitwa. Chukua bilauri ya kioo yenye maji ya tangi lile lile, weka vifaranga wanne au watano. Ingia chumba chenye mwanga hafifu unaotoka juu. Wangoje dakika kumi watulie. Kisha wasogezee tochi hafifu kutoka ubavuni. Kifaranga mzima atainama kidogo kuelekea tochi, na ukiiondoa atarudi. Anayeinama hadi mwisho, au anayegeuka tumbo juu unapoiweka tochi chini ya bilauri, anategemea macho peke yake. Sikio lake lina tatizo. Na yule anayelala ubavu hata mwanga ukiwa juu na hakuna tochi, mwanga hauhusiki naye kabisa.

Huyo wa mwisho ndiye anayehitaji uchunguzi. Anza na uso wa maji. Kwa samaki wa aina nyingi, kifaranga hupanda juu mara ya kwanza kumeza hewa ili ajaze kibofu, na utando wa mafuta ya chakula au wa vidole vyako vilivyotoka jikoni unaweza kumzuia. Toa utando huo kwa karatasi, kila siku. Kisha maji: yametoka bomba lenye klorini, na uliyaacha wazi siku moja kabla ya kuyatumia? Umelisha sana na uchafu umejaa chini? Kisha chanzo. Vijito na visima vya upande wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki vina madini ya floridi kwa wingi, jambo ambalo meno ya watu wa huku yamelishuhudia kwa vizazi. Maji hayo yapimwe kabla hujajenga tangi, na Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi kwenye maji. Uti wa mgongo uliopinda hauwezi kunyooshwa kwa taa.

Katika miaka ya 1990 wanasayansi wa Ujerumani waliwapeleka angani vifaranga wa perege wa Msumbiji, safari za siku 9 na 10, mahali ambako kijiwe cha sikio hakina uzito wa kukitelezesha. Walitaka kujua mwitikio wa macho unakuaje pasipo juu wala chini, na wakaona kwamba kubadilika kwa mvuto huubadilisha. Perege ni mvumilivu na analeleka kwa urahisi. Uvumilivu huo huo ndio unaotufanya sisi tumzoee vibaya. Perege ataishi kando ya dirisha. Ataishi chini ya taa isiyozimwa. Hatalalamika, ataendelea kuinama, na wewe utaona hasara kwenye mizani siku ya kuvua bila kujua ilitoka wapi.

Sasa naomba niwageukie nyinyi mnaoangua na kuuza vifaranga hapa Meru. Mnunuzi anapochukua mfuko, huwa mnamwambia idadi, umri na chakula. Mwambieni pia mwanga: vifaranga hawa wamelelewa kwenye tangi la aina gani, taa ilikuwa wapi, iliwaka saa ngapi na kuzimwa saa ngapi. Andikeni kwenye kipande cha karatasi, mkifunge kwenye mfuko kwa mpira. Mama wa Sing'isi sasa naye anauza, na karatasi yake ina mistari minne.